Saratani huhesabu miaka, sheria yahesabu miezi

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mjomba wangu, mzee wa reli aliyezikwa viungani mwa mji huu wa Eldoret mwanzoni mwa mwaka 2020, aliishi kwingi na akaona mengi, ila lililomwua hakuliona. Lilimwingia kifuani angali kijana, likajilaza humo kimya kwa zaidi ya miaka 40, na siku lilipoamka hatukupata mlango hata mmoja wa kubisha.

Namsimulia msomaji kisa chake kwa ufupi, si kwa sababu ni cha ajabu bali kwa sababu nashuku kwamba ni cha kawaida.

Mjomba aliandikwa kazi ya reli mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 20. Alianza kwa kusafisha injini za mvuke, kisha akapanda akawa fayamani, yaani yule mtu anayesimama ubavuni mwa dereva akiutunza moto wa mafuta mazito na maji ya boila ili mvuke usipungue njiani. Aliufahamu mwinuko wa kutoka Nakuru hadi Timboroa kama mkulima afahamuvyo shamba lake. Injini za mvuke zilipoanza kuondolewa, alihamishiwa karakanani kuwasaidia mafundi. Kazi yake ilikuwa kulivua boila lile vazi jeupe lililolifunika chini ya bati, ambalo wao waliliita blanketi. Alitusimulia akicheka jinsi vijana walivyorushiana mabonge ya blanketi hilo kama watoto wanaocheza na pamba, na jinsi walivyotoka jioni wakiwa weupe kichwa hadi miguu. Alistaafu mwaka 1997, akarudi nyumbani kufuga ng'ombe na kulima mahindi.

Mwaka 2019 alianza kukohoa na kupungua mwili. Alitibiwa homa ya mapafu, akatibiwa kifua kikuu, kisha akaambiwa kwamba ni uzee tu. Mwishowe daktari mmoja kijana alivuta kiti, akaketi karibu naye na kumwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Mzee, ujanani ulifanya kazi gani?" Mjomba akalieleza lile blanketi. Daktari akaiweka kalamu chini. Vipimo vilipokamilika tuliambiwa kuwa ni saratani ya utando unaoyazunguka mapafu, na kwamba saratani ya aina hiyo, mara nyingi sana, chanzo chake ni madini ya asbesto.

Tulimwendea wakili. Alitusikiliza kwa heshima, akafungua kitabu chake, kisha akauliza: "Ajali yenyewe ilitokea tarehe gani?" Mjomba alinigeukia kwa mshangao. "Ajali gani, mwanangu?" akaniuliza. Mazungumzo yetu yalikomea hapo, kwa kuwa wakili hakuwa na jibu na sisi hatukuwa na tarehe.

Nataka kusema wazi kwamba simshtaki mwajiri yeyote kwa makala haya. Aliyejua nini, na aliyenyamaza lini, ni mambo ya kuthibitishwa kwa ushahidi mahali panapostahili. Shabaha yangu ni swali la yule wakili. Naamini kwamba sheria inayomtaka mgonjwa wa saratani ataje tarehe ya ajali haijaielewa saratani, na kwamba wanaoumia kwa kutoelewa huko ni wazee walioisukuma nchi hii kwa vifua vyao.

Eldoret ina sababu zaidi ya miji mingi ya kulijali jambo hili. Wazee wangali wanauita mji wetu Sisibo, kwa ukumbusho wa shamba nambari 64 ulikoanzia, lakini reli ndiyo iliyoukuza. Ile Reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilichepuka kutoka Nakuru, ikapanda hadi Timboroa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikateremka na kufika Eldoret mwaka 1924, kisha ikaendelea kuelekea Uganda hadi Kampala mwaka 1931. Ngano na mahindi ya Uasin Gishu yalishuka kwa njia hiyo, na mafuta, mbolea na mashine zikapanda kwa njia hiyo hiyo. Nyuma ya kila gari moshi lililopita palikuwa na dereva, fayamani, gadi, fundi wa karakana na vibarua wa gangi waliozibeba reli na mataruma mabegani.

Watu hao walivuta pumzi gani kazini? Hapa sina budi kumwomba msomaji avumilie maelezo kidogo ya kitaalamu.

Kwanza ni asbesto. Katika enzi za mvuke, kote ulimwenguni, boila za injini zilivishwa madini haya kwa kuwa hayaungui, huhifadhi joto, na yalikuwa rahisi kununua. Aidha yalitumiwa katika breki na katika mapaa ya nyumba. Yakiwa yametulia hayana neno. Yanapokatwa, kupasuliwa au kukwanguliwa hugeuka kuwa nyuzinyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo jicho haliwezi kuziona zikielea hewani. Mtu huzivuta kwa pumzi, zikanasa ndani ya mapafu na zisitoke. Saratani itokanayo nazo huchukua kwa kawaida kati ya miaka 20 na 50 kabla ya kujitokeza. Kenya iliyapiga marufuku madini haya mwaka 2006, lakini marufuku hayawezi kutoa kilichomo kifuani tayari.

Pili ni vumbi la mchanga. Injini inapopanda mlima, magurudumu huteleza juu ya chuma, na dawa yake tangu zamani ni kunyunyiza mchanga mkavu relini ili yashike. Mchanga huo husagwa ukawa unga, na unga wake una silika. Silika hukausha mapafu na kuyafanya magumu. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilithibitisha kwamba vumbi hilo husababisha saratani pia.

Tatu ni moshi wa dizeli, uliochukua nafasi ya mvuke. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Daktari Eric Garshick walichapisha matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za wafanyakazi wa reli wapatao 55,000 nchini humo, kuanzia mwaka 1959 hadi 1996. Waligundua kwamba waliofanya kazi kwenye treni za dizeli walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kilichozidi cha wengine kwa takriban asilimia 40. Mnamo Juni 2012 shirika nililolitaja hapo juu liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo hapana shaka tena kwamba husababisha saratani. Asbesto imo katika kundi hilo hilo.

Katika yote matatu, hakuna linalouma siku linapomwingia mtu. Kibarua anayekatwa kidole na mashine huona damu, hupiga ukelele, na wenzake hushuhudia. Mnyapara huandika tarehe na saa. Aliyevuta nyuzi za asbesto hurudi nyumbani akiwa mzima, akala ugali wake na kulala. Huoa, husomesha, hustaafu, huwapakata wajukuu. Ugonjwa unapobisha hodi, mnyapara yuko kaburini, karakana imefungwa, na daftari la kazi limeliwa na mchwa.

Sasa tutazame sheria zetu zinasemaje.

Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, iliyoanza kutumika mwaka 2008 na kuchukua mahali pa sheria ya zamani tuliyoirithi kutoka kwa mkoloni. Nitaipa haki yake, kwa kuwa ina mema mengi. Haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Inatosha kwamba madhara yalitokana na kazi. Inayatambua maradhi ya kazini pamoja na ajali. Anayepata ulemavu wa kudumu hukadiriwa fidia yake kwa kipimo cha mshahara wa miezi 96. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, bila gharama za kesi ndefu.

Hata hivyo, mpini wa sheria hiyo umechongwa kwa ajili ya ajali. Inataka madai yawasilishwe katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo iwapo mfanyakazi amekufa. Ajali ina siku. Je, saratani iliyochukua miaka 40 kukomaa, siku yake ni ipi? Ni siku ya kwanza kijana alipolivua blanketi la boila? Ni siku ya mwisho? Ni siku alipoanza kukohoa, au siku daktari alipomwambia jina la ugonjwa? Mzee asiyejua kusoma na kuandika, aliyelala kitandani huku akipumua kwa taabu, hastahili kuachiwa fumbo kama hilo.

Isitoshe, sheria hiyo hiyo katika kifungu cha 16 inamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kwa ajali au maradhi ya kazini. Njia ni moja tu, nayo ni ya Mkurugenzi. Chama cha Mawakili kiliipinga sheria hiyo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nacho kuhusu baadhi ya vifungu. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo mnamo Novemba 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikahitimisha ubishi kwa kuiunga mkono sheria. Mjomba wangu alikuwa kitandani wakati huo. Sibishani na majaji. Mlango mmoja unatosha, mradi uwe wazi. Kasoro ni mlango kuwa mmoja na kufuli lake kufungwa kwa kalenda.

Tena kuna kufuli la pili, ambalo linawahusu watu wa reli peke yao. Sheria iliyoliunda Shirika la Reli la Kenya mwaka 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, ina kifungu cha 87. Kifungu hicho kinamtaka anayetaka kulishtaki shirika hilo atoe ilani kwanza, kisha afungue kesi kabla ya miezi 12 kupita tangu tendo analolilalamikia. Sheria ya jumla ya ukomo wa mashtaka humpa mtu miaka 3 kwa kesi za madhara ya namna hii, na humruhusu jaji kuongeza muda pale mdai anapothibitisha kwamba mambo muhimu hakuyajua mapema. Yaani aliyejeruhiwa na gari la mfanyabiashara ana miaka 3 ya kujikusanya, ilhali aliyejeruhiwa na reli ya umma ana mwaka mmoja. Najua sababu inayotolewa: mali ya umma yafaa ilindwe dhidi ya madai ya zamani yasiyochunguzika. Lakini umma ni nani, kama fayamani mstaafu si mmoja wao?

Ukiongeza swali la mwajiri, mambo huzidi kuwa magumu. Chukua mfano wa kijana aliyeandikwa kazi ya reli mwaka 1960. Aliandikwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948. Mwaka 1969 reli ikatenganishwa na bandari na kuwa shirika la peke yake. Mwaka 1978 akajikuta chini ya Shirika la Reli la Kenya. Mdogo wake aliyefuata nyayo zake akajikuta, mwaka 2006, chini ya kampuni ya Rift Valley Railways, ambayo mkataba wake ulikatizwa mwaka 2017 na shughuli zikarejea kwa shirika la umma. Injini zilikuwa zile zile, mlima ni ule ule, bali jina kwenye karatasi ya mshahara likawa linabadilika kama kinyonga. Mgonjwa amdai nani?

Msomaji asidhani kwamba fumbo hili ni letu peke yetu. Wenzetu walikumbana nalo zamani, na kuna mtu mmoja wa Marekani ambaye kisa chake chapaswa kusomwa na kila wakili wa mji huu.

Jina lake ni Urie. Alikuwa fayamani wa injini za mvuke katika reli ya Missouri Pacific kwa takriban miaka 30, kuanzia 1910. Mwaka 1940 alilemewa na kifua akaacha kazi. Madaktari walisema ana ugonjwa wa vumbi la silika, na chanzo alichokitaja ni ule mchanga unaonyunyizwa relini, ambao vumbi lake lilipenya na kuingia ndani ya chumba cha dereva na fayamani. Mwaka 1941 alifungua mashtaka chini ya sheria ya mwaka 1908 inayowawezesha wafanyakazi wa reli wa Marekani kuwadai waajiri wao waliozembea. Sheria hiyo ilimpa miaka 3.

Upande wa reli ulijitetea kwa hoja ambayo kwa masikio ya haraka ina mantiki. Ulisema: ugonjwa huu huchukua miaka mingi, kwa hiyo bila shaka ulimshika Urie zamani sana, na kwa hiyo amechelewa. Tafakari hoja hiyo, msomaji. Maana yake ni kwamba kadiri sumu inavyofanya kazi polepole, ndivyo aliyeiachilia anavyozidi kuwa salama. Mtu angepaswa kushtaki akiwa hajaugua, na akishaugua asiruhusiwe kushtaki.

Mwaka 1949 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba sheria iliyotungwa kwa nia ya kumlinda mfanyakazi haiwezi kusomwa kwa namna ya kumwadhibu kwa kutojua jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Muda wa Urie ulianza kuhesabiwa wakati ugonjwa ulipojidhihirisha. Msingi huo mmoja ndio uliowafungulia njia wastaafu wengi wa reli wa nchi hiyo waliokuja kuugua kwa asbesto na moshi wa dizeli. Mwaka 2003 mahakama hiyo hiyo ilikwenda mbali zaidi. Iliamua kwamba wafanyakazi wa reli ambao asbesto imekwisha kuwaharibu mapafu wanaweza kufidiwa hata kwa hofu ya kweli ya kupata saratani baadaye.

Sisemi kwamba tuige kila la Marekani. Sheria yao huwataka wafanyakazi wa reli wathibitishe uzembe, na yetu haiwataki. Katika hilo tumewapita. Tunachohitaji kuazima ni kitu kimoja tu, nacho ni saa. Saa ianze kugonga siku mgonjwa alipojua, si siku alipovuta vumbi.

Najua yapo maswali, na si haki kuyakwepa.

La kwanza ni hili: saratani iko kila mahali, tutajuaje kwamba hii ni ya reli? Swali hilo ni zito, hasa katika sehemu zetu. Saratani ya umio imewaangamiza watu wengi huku magharibi mwa Bonde la Ufa ambao hawajawahi kupanda garimoshi maishani mwao. Tena wapo wazee wa reli waliovuta sigara tangu ujanani. Ni uongo kudai kwamba kila uvimbe katika kifua cha mstaafu umetoka karakanani, na uongo huo ungewadhuru wenye haki kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini saratani hazifanani. Ile ya utando wa mapafu karibu ibebe jina la asbesto usoni pake. Hiyo na idhaniwe kuwa ya kazi mara moja iwapo mgonjwa alifanya kazi kwenye asbesto, na anayepinga ndiye atoe ushahidi. Ile ya mapafu yenyewe ipimwe kwa miaka ya kazi na kwa aina ya kazi, na jopo la madaktari liamue. Zile nyingine ziombewe ushahidi wake. Kupima ni kugumu, lakini ugumu wa kupima si sababu ya kuificha mizani.

La pili ni fedha. Wastaafu wa reli wamelilia malipo yao ya uzeeni kwa miaka mingi, na wako watakaouliza: ikiwa pensheni yenyewe ni ya kusukumana, fidia itatoka wapi? Jibu moja limepatikana katika bara letu. Mwaka 2018 wachimba dhahabu wa Afrika Kusini waliougua ugonjwa wa silika na kifua kikuu walifikia mapatano na kampuni 6 za migodi, na mwaka 2019 mahakama ikayaidhinisha. Hazina maalumu iitwayo Tshiamiso iliundwa, ikatengewa takriban randi bilioni 5, kwa ajili ya waliofanya kazi kuanzia mwaka 1965. Mgonjwa hahitaji kufungua kesi yake mwenyewe. Hupeleka rekodi ya kazi, hupimwa, na hulipwa kwa kadiri ya ugonjwa. Wajane na mayatima wamo pia. Reli yetu haikuajiri watu wengi kama migodi ile, na hesabu ya wazee wa mvuke waliobaki inapungua kila msimu wa mvua. Mzigo huo haungeiangusha hazina ya nchi.

La tatu huulizwa kwa sauti ya chini: je, tukiufungua mlango huu, hatutawakaribisha mawakala na matapeli? Watakuja, kama wanavyofika penye fedha yoyote. Lakini hatukuacha kuchimba kisima kwa kuogopa chura.

Wala mahakama zetu si ngeni kwa sumu inayoua polepole. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu walipigana kwa miaka, wakiongozwa na mama mmoja shujaa, Phyllis Omido. Mnamo Julai 2020 mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa msingi wa haki ya kikatiba ya mazingira safi. Mahakama ya Rufaa iliutikisa uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Waliouguza watoto wao hawakuulizwa sumu iliingia siku gani. Kama kijiji kilicho nje ya ukuta wa kiwanda kinaweza kusikilizwa, kwa nini asisikilizwe aliyekuwa ndani ya ukuta?

Hivyo basi, yafaa yafanyike mambo manne.

Kwanza, Bunge liirekebishe ile sheria ya mwaka 2007 iseme kwa herufi zisizo na utata kwamba, kwa maradhi yanayochukua miaka mingi kujitokeza, muda wa kudai huanza siku daktari alipomjulisha mgonjwa ugonjwa wake pamoja na uhusiano wake na kazi. Kifungu cha 87 cha sheria ya reli nacho kilegezwe kwa maradhi ya namna hiyo.

Pili, Serikali itamke ni nani anayebeba deni la miaka ya Jumuiya na ya mashirika yaliyofuata, ili mgonjwa asitumwe ofisi hadi ofisi kama barua isiyo na anwani.

Tatu, madaktari waulize. Eldoret imebahatika kuwa na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na tangu mwaka 1999 mji huu una sajili ya wagonjwa wa saratani. Orodha ya wafanyakazi wa zamani wa reli ikilinganishwa na sajili kama hiyo, kwa kulinda siri za wagonjwa, tutaacha kubahatisha. Na kila mzee anayekohoa aulizwe lile swali la yule daktari kijana. Halimgharimu mtu hata senti moja.

Nne, wastaafu wenyewe wasilale. Anayesoma haya na aliwahi kufanya kazi ya reli, au ana baba aliyeifanya, afungue lile sanduku la chini ya kitanda. Atafute barua ya kuajiriwa, hati ya utumishi, karatasi za mshahara na picha za karakanani. Aandike mwaka kwa mwaka alikofanya kazi, alichokishika kwa mikono yake, na majina ya wenzake walio hai wanaoweza kushuhudia. Akienda hospitali, asingoje kuulizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni mali.

Wala jambo hili si la wazee wa mvuke pekee. Injini za dizeli zingali zinavuta mabehewa kwenye reli ya zamani, na reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ilianza kwa dizeli vile vile. Kuna kijana mahali fulani hivi leo, mwenye umri wa miaka 20, anayerekebisha injini inayonguruma ndani ya banda lisilo na madirisha ya kutosha. Hakohoi. Anajisikia ana nguvu za simba. Akiugua, itakuwa katika miaka ya 2060, na atakwenda kwa wakili na bahasha yake mkononi.

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kinyongo. Hata katika majuma yake ya mwisho, alipokuwa akilala ameketi kwa kukosa pumzi, ukimtajia Timboroa uso wake uling'aa. Aliipenda kazi yake. Siku moja kabla hajapoteza sauti aliniita karibu, akarudia lile swali lililomkaa rohoni tangu ofisini kwa wakili. "Mwanangu," akasema, "ulipata kujua ajali ilikuwa tarehe gani?"

Nilimwambia bado natafuta. Ningependa wabunge wetu nao wamtafutie jibu, kwa kuwa wengine kama yeye wangali hai.